Kobe wa Sihaba na Ufunguo Mmoja

Sogeeni, sogeeni. Mwenye maneno yake ayameze kwanza, atayatema mwisho, maana mwisho nitamhitaji. Leo sina sungura wala fisi. Nina mwanamke mmoja, chombo cha magurudumu matatu, na majirani watatu ambao Mungu aliwapa kila mmoja kipaji chake na upweke wake.

Palikuwa na kambi ya mkonge huko Tanga bara, ikiitwa Kambi Tisa. Zamani ilijaa watu: Wangoni, Wamakonde, Wabena, Wazigua, kila mtu na lugha yake jikoni na Kiswahili barazani. Kiwanda kikafungwa. Bandu bandu huisha gogo. Leo kaondoka huyu, kesho yule, hata zikabaki nyumba nne tu zinazofuka moshi.

Moshi wa kwanza ni wa Sihaba, fundi wa cherehani ya mkono, na hadithi hii ni yake. Miguu yake ilikauka utotoni kwa polio. Fundi mmoja wa kuchomelea alimtengenezea pikipiki ya magurudumu matatu, kiti chini kabisa, ili aweze kujivuta kutoka mkekani na kukaa bila kubebwa na mtu. Breki mkononi, gia mkononi, kila kitu kimepangwa kwa mikono yake, hata mtu mwingine akikaa pale hajui aanzie wapi. Ila tumbo la chombo lilikuwa kiganja kimoja tu kutoka ardhini. Sihaba akakiita Kobe.

Moshi wa pili ulikuwa wa Mzee Ndumbaro. Kipaji chake ni macho. Alifanya kazi ujana wake wote kwenye vitoroli vya kubebea mkonge, na akiutazama mteremko anakwambia mzigo utaangukia wapi. Na mdomo sasa, jamani! Safari ya toroli moja aliisimulia tangu chai mpaka adhuhuri. Kambi nzima alibakiwa na msikilizaji mmoja, naye ni Sihaba, aliyekuwa akishona huku anaitikia "ehe".

Moshi wa tatu, Mwajabu. Huyu kapewa mkono wa kutoa. Ukiisifia kanga yake, jihadhari, utaondoka nayo. Lakini akinuna, kanuna. Alikuwa hamsemeshi Sihaba tangu msiba wa mumewe, kwa sababu siku ya mazishi Sihaba hakuonekana. "Jirani tuliyepika naye chungu kimoja, msibani haji!" Alisema hivyo mara moja, basi, akamfungia mdomo na mlango.

Moshi wa nne ni wa Nantende, mchoma mkaa, na kipaji chake ni mgongo. Gunia ambalo watu wawili wanalizungukazunguka, yeye analinyanyua na kwenda zake. Ila kuongea, hapana. Ukimsalimu anatikisa kichwa. Sihaba alikuwa hajawahi kuisikia sauti yake sawasawa, ingawa kila wiki alikuta mkaa umewekwa mlangoni bila aliyebisha hodi.

Sasa shikeni desturi hii, maana bila yake hamtaelewa kitu. Kambi Tisa watu walikuja bila ndugu. Basi anayehama humkabidhi mtu mmoja ufunguo wa nyumba yake, na tangu siku hiyo wawili hao ni ndugu. Mshika ufunguo akiugua, aliyehama hurudi kumuuguza. Idi au Krismasi ikifika humwita wale pamoja. Akifa, huja kumzika. Na ni mtu mmoja tu. Kuna bwana aliwahi kuchongesha ufunguo wa pili, akajipatia ndugu wawili. Mmoja alipougua, bwana akadhani yule mwingine atamtazama, na mgonjwa akafa na kiu yake. Tangu hapo ikawa mwiko.

Sihaba alikuwa wa mwisho mwenye pa kwenda. Mpwa wake wa Handeni alimwita akae naye, ashone kule. Wale watatu hawakuwahi kukabidhiwa ufunguo, wala hawakuwa na mtu wa kuwaita popote. Kwa hiyo ufunguo wa Sihaba ulikuwa wa mwisho, na wote walilijua hilo.

Lori likaja asubuhi. Dereva akashuka akiitazama mbingu. "Mama, tufanye haraka. Mvua ikinyesha mlimani mto unajaa, na mimi silali huku."

Vyombo vilipanda kwa mgongo wa Nantende: cherehani, godoro, sufuria. Akabaki Kobe. Dereva akatoa mbao zake mbili, akazitandika kama anavyopakia gari dogo, moja kulia moja kushoto. "Haya mama, panda."

Ebo! Magurudumu ya nyuma yana mbao zake, na lile la mbele, lililo katikati, likanyage nini, hewa? Wakacheka wote, hata Sihaba. Likachukuliwa benchi lake la kushonea, likawekwa katikati. Akapanda. Gurudumu la mbele likaingia ndani ya lori vizuri kabisa, halafu, kwaaa! Tumbo la Kobe likakaa kwenye ukingo. Mbele kunaelea, nyuma kunaning'inia, na Sihaba yuko juu pale, mbele ya macho ya watu, haendi wala harudi.

Wakamshusha kinyumenyume. Wakajaribu tena kwa kasi, tumbo likagota palepale.

"Mama," dereva akasema taratibu, "kiache hiki. Panda wewe twende."

"Bila Kobe siendi," Sihaba akajibu. "Kwa mpwa wangu nitakuwa nani? Mzigo wa kuanikwa asubuhi na kuanuliwa jioni? Hapa naishi peke yangu, lakini nikitaka chumvi naifuata mwenyewe." Na machozi yakamtoka, akayafuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa imeshika usukani. Aliona wazi kwamba pa kwenda hana, na pa kubaki hana.

Mwajabu alikuwa amesimama mbali, mikono kifuani. Aliyaona yote. Akasogea hatua kwa hatua mpaka akafika ubavuni mwa Kobe, akainama akalitazama lile tumbo lililochubuka. Ndipo alipomsemesha.

"Siku ya msiba ilikuwa mvua."

"Ilikuwa mvua," Sihaba akasema.

"Ulikwama hivi?"

"Kwenye tope la bondeni. Nilikaa humo mpaka jioni. Nikaona haya kusema."

"Loh! Sihaba! Mwaka mzima umeniacha nikununie bure!" Mwajabu akageuka, akaondoka mbio mbio kwake. Alikuwa akikaa kwenye iliyokuwa stoo ya kambi, na mlango wa stoo ile ulikuwa wa mninga, mrefu, mpana kama kitanda cha watu wawili. Akaung'oa bawabani kwa shoka. Nantende akauweka kichwani, akauleta. Uliyaenea magurudumu yote matatu, wala hakukuwa tena na habari ya mbao na benchi. Lakini lori lilikuwa juu bado, na mlango ulisimama wima mno. Dereva akatikisa kichwa.

Na Mzee Ndumbaro je? Hapo ndipo pa ajabu. Tangu asubuhi alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kimya, yeye ambaye kikombe kikianguka anasimulia. Sihaba alimwona na hakuelewa. Mzee akamtazama Sihaba akijifuta kwa bega mara ya pili, akashusha pumzi, akainuka.

"Dereva, unauona mtaro ule wa maji ya kiwanda? Rudi nyuma, matairi ya nyuma yatumbukie humo. Lori likikalia matako, mlima wako utakuwa tambarare."

Lori likarudi, likatumbukia, likaketi. Mlango ukalazwa tena, na safari hii ulilala vizuri, mteremko wa kupanda mtoto anayetambaa. Sihaba akawasha. Akapanda mpaka katikati, mlango ukaanza kubonyea chini ya uzito, unalia, na tumbo la Kobe likaanza kukwaruza ukingo. Bado kidogo tu, unene wa vidole viwili.

Nantende hakuuliza mtu. Akapiga magoti, akaingia chini ya mlango, akaweka mgongo katikati yake, akausukuma juu. Mlango ukanyooka. Kutoka chini ya mbao ikatoka sauti nzito ambayo Sihaba hakuitambua.

"Pita, dada."

"Nitakuvunja!"

"Pita."

Akapita. Alimsikia kupitia magurudumu, namna mlango ulivyopanda kwa pumzi yake na kutetemeka kwa miguu yake. Kobe akainua tumbo, akavuka ukingo, akaingia ndani ya lori. Nyuma yake mlango wa mninga ukapasuka vipande viwili.

Wakashangilia. Halafu shangwe ikaisha upesi, kwa sababu kila mmoja alikumbuka anashangilia nini.

Nantende akatoka chini, akajaribu kunyooka, hakuweza. Alisimama amepinda, mkono kiunoni, msumari umemchana bega. Mwajabu akaviokota vipande vya mlango akavitazama. "Nitatundika kanga," akasema. "Mwizi gani atakuja huku? Hata mwizi anataka kampani."

Sihaba akamgeukia mzee. "Babu, ule mtaro umeuona saa ngapi?"

"Lori lilipofika tu."

"Na ukanyamaza?"

"Nilinyamaza. Ukiondoka, mwanangu, nani ataniitikia? Nikasema labda Mungu anamkwamisha kwa ajili yangu. Halafu nikakuona unalia." Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake hadithi kumwishia katikati.

Sihaba akautoa ufunguo uliofungwa kwenye pindo la kanga. Alidhani siku hii angefurahi. Badala yake upweke ulimwelemea, wake na wa wale watatu kwa pamoja, maana aliwajua. Alijua jioni Mwajabu hupika cha watu wawili halafu humwagia kuku. Alijua Nantende huweka mkaa mlangoni kwa watu ili kesho yake apate sababu ya kupita tena.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sawa, lakini hawakusema wakiwa watatu ufanyeje. Bila mlango, Kobe angekanyaga nini? Bila mtaro, huo mlango ungefaa kazi gani? Na bila mgongo ule vyote viwili vingeishia kwenye vidole viwili. Najua wapo kati yenu wanaosema Mwajabu, kwa kuwa katoa kinga ya nyumba yake na kameza kinyongo cha mwaka. Wengine mtasema mzee, maana wenzake walimpa Sihaba walichonacho, yeye alimpa njia ya kumwacha. Na mwenye huruma atasema Nantende, ambaye mgongo ndio mali yake yote, na huenda kesho hawezi kunyanyua hata kikapu. Kuna mjuaji nyuma pale atanijibu, "Ndumbaro asipewe, alimchelewesha." Mjuaji, wewe ungeusema huo mtaro mapema?

Wala asiniambie mtu awape wote. Nimeshasema ni mwiko, na mgonjwa alikufa na kiu.

Dereva amewasha, mlimani kumeshakuwa kweusi. Sihaba yuko juu ya Kobe, mlangoni mwa lori, mkono ameunyoosha na ufunguo uko kiganjani. Chini wamesimama watatu. Hakuna anayeuomba. Kila mmoja anatazama pembeni, ili Sihaba asije akamwonea haya.

Haya, temeni sasa maneno yenu. Ungekuwa wewe umekaa pale juu, ungeita jina la nani? Na ukishaliita, wale wawili ungewaagaje?