Bodi ya Watu Mia Tatu na Kumi na Wawili

Hapo zamani, mvua ikinyesha Tukuyu kama inavyonyesha mpaka leo, palikuwa na mwalimu wa fizikia aliyeitwa Tulinagwe. Mwalimu huyu alikuwa na mchezo wake. Haukuwa karata wala bao. Ulikuwa mchezo wa kusimulia: yeye anaeleza ulimwengu wa mbali, huko kwenye nyota, na kila mchezaji ana mtu wake humo ndani, anayemsemea na kumwamulia. Ikija hatari, dadu mbili zinarushwa, na zikishasema zimesema.

Ulimwengu huo wote aliuandika kwa mkono katika kitabu kimoja kikubwa. Miaka tisa aliandika. Nakala ya pili haikuwapo.

Wachezaji walikuwa watatu. Lwitiko, fundi wa kuchomelea. Sekela, muuguzi. Na Ambakisye, karani wa kupima majani ya chai, mtu wa wasiwasi, ambaye akihesabu mara moja lazima ahesabu tena. Kila Jumapili baada ya ibada walikutana sebuleni kwa mwalimu. Walikuwa wamecheza miaka sita.

Basi mwaka huo macho ya mwalimu yakaanza kuingia ukungu. Akawaambia, "Wanangu, safari iliyobaki ni moja. Kwenye sayari ya Lusungu wamebaki watu mia tatu na kumi na wawili, na hewa yao ni ya siku tisa. Chorani bodi ya meli ya anga itakayowatoa. Mna tani mia nne. Zikizidi, meli hainyanyuki, na watu wamekwisha. Atakayekuwa amewafikisha, huyo nitampa kitabu changu, asimulie baada yangu. Mmoja tu. Kitabu hakikatwi vipande."

Msicheke, jamani. Watu wale walikuwa na majina. Palikuwa na Mama Nsia muoka mikate. Palikuwa na mapacha waliozaliwa humo mchezoni, mwaka wa tatu, na Sekela ndiye aliyewapokea. Ukikaa na watu miaka sita, hata kama ni wa kusimuliwa, hulali ukijua hewa yao inakwisha.

Wakachora. Lwitiko akasema, "Bodi iwe na ngozi mbili za chuma kinene. Ndani igawanywe vyumba ishirini na vinne, kila kimoja na mlango wa mota. Jiwe likitoboa chumba, tunakifunga, wengine wanapona."

Sekela akapiga hesabu. "Kaka, hii bodi yako ni ndefu kama tela la lori. Inabeba watu mia mbili na ishirini. Hao tisini na wawili unamwachia nani?"

"Bora wachache wafike kuliko wote wafie njiani."

"Nenda kawaambie mapacha."

Wakanuniana. Wiki nzima hawakusalimiana, hata walipokutana sokoni. Ndipo Sekela akaja na mchoro mpya, meli ya mviringo kama chungwa. "Mviringo unakula chuma kidogo na kubeba vingi," alisema. "Ngozi zako mbili zimo. Vyumba vyako vimo. Na watu wote wamo."

Lwitiko akautazama sana. "Itakuwa nzito kugeuka. Jiwe likija, haikwepi."

"Basi ngozi zako zifanye kazi."

Wakapatana. Ambakisye akapewa karatasi ainakili vizuri, Jumapili waitie sahihi.

Akanakili, akajumlisha. Akajumlisha tena. Lwitiko alihesabu milango, lakini mota za milango alizisahau. Mota ishirini na nne, tani kumi na mbili! Meli isingenyanyuka hata kiganja kimoja.

Afanyeje? Akisema, Lwitiko atawaka, Sekela atajibu, meza itavunjika, na hewa ya watu ni ileile ya siku tisa. Akachukua kifutio. Palipoandikwa "milango ya mota" akafuta, akaandika "milango ya mkono". Uzito ukatimia. Hakumwambia mtu.

Jumapili wakatia sahihi wote watatu, wala hakuna aliyesoma upya. Mwalimu akasema, "Ikishatiwa sahihi haibadiliki. Pakieni watu."

Wakapakia watu. Meli ikanyanyuka. Wakashangilia, isipokuwa Ambakisye, aliyekuwa akifuta jasho licha ya baridi ile ya Tukuyu.

Siku ya nne ya safari wakaingia kwenye mkanda wa mawe. Sekela ndiye aliyeshika usukani. Akarusha dadu. Mwalimu hakuziona vizuri, akasema, "Nisomeeni."

"Nne," Sekela alisema.

"Meli ni pana, haikugeuka kwa wakati. Jiwe kubwa limegonga ubavuni. Ngozi ya nje imepasuka. Ya ndani imeshika, ila chumba cha saba. Hewa inatoka. Humo mna watu kumi na tisa."

"Watoeni!" Lwitiko akasimama. "Watoeni, kisha fungeni mlango!"

"Wametoka. Nani anafunga?"

"Mota inafunga."

Mwalimu akaisogeza karatasi mpaka ikagusa pua yake. "Hapa pameandikwa mlango wa mkono. Na gurudumu la kufungia liko pale mlipoichora mota, ndani ya chumba; anayefunga hatoki."

Lwitiko akaivuta karatasi, akasoma.

"Nani kaandika mkono?" Lwitiko aliuliza.

"Mimi," Ambakisye akasema. Akaeleza yote, macho yakiwa mezani. Lwitiko akafungua mdomo, lakini mwalimu akamkatiza: "Hewa haiwasubiri. Chumba cha saba kinavuta hewa ya meli nzima. Mnafanya nini?"

Mtu wa Ambakisye mchezoni aliitwa Zefania, fundi mzee wa meli. Miaka sita alikuwa naye. Na sheria ya meza ile ilikuwa moja: mtu wako akifa, huundi mwingine. Unainuka, umekwisha cheza.

"Zefania anaingia," Ambakisye alisema.

"Subiri, tutafute njia," Sekela akamshika mkono.

"Njia gani, dada? Anaingia."

Alihitaji nane au zaidi. Dadu zikabingirika, moja ikazunguka pembeni mwa kikombe, ikasita, ikalala. Sekela akasoma: "Tisa."

Mlango ukafungwa. Zefania akabaki ndani. Siku ya tisa meli ikatua, na watu mia tatu na kumi na wawili wakashuka, Mama Nsia na mapacha wakiwamo.

Mwalimu akakiweka kitabu magotini. "Semeni."

Lwitiko akasema, "Bila ngozi zangu mbili, jiwe lingewamaliza wote. Bila vyumba vyangu, pasingekuwa na mlango wa kufunga. Mimi ndiye niliyewafikisha."

Sekela akasema, "Ungewafikisha wangapi? Tisini na wawili ulishawaacha kabla ya safari. Mimi ndiye niliyewapa nafasi."

"Ukawapa na jiwe pia, kwa meli isiyogeuka."

Ambakisye akasema, "Mimi ndiye niliyeinyanyua meli, nami ndiye niliyeufunga mlango. Sina mtu tena katika mchezo huu. Nisipopewa kitabu, sina kiti hapa."

"Lakini ulifuta kimyakimya!" Lwitiko akasema. "Kitabu cha ulimwengu mzima tumpe mtu anayefuta? Ungesema tu, tungepunguza kitu."

"Ungenisikiliza?"

Mwalimu akawageukia mmoja mmoja, akikaza macho. Keshoye asubuhi alikuwa anakwenda hospitali Mbeya kufanyiwa upasuaji, na hakuahidiwa kwamba atarudi akiona. Alitaka kukitoa kitabu siku hiyo, uso wa anayekipokea angali anauona. Akakiinua kwa mikono miwili, akakinyoosha mbele juu ya meza, na mikono ikabaki hapo hewani, haijui iende upande gani.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, mwalimu anachoka kunyoosha mikono. Semeni upesi: kitabu kile kilikuwa haki ya nani?