Nungunungu, Nyungunyungu na Dawa ya Bwana Afya

"Paukwa."

"Pakawa."

"Wa nyuma hamjaitika, mnatafuna. Paukwa."

"Pakawa."

"Niwape?"

"Tupe, tumeshakaa."

Basi hapo zamani za kale, zamani hasa, wakati wanyama walipokuwa na serikali na watu bado hawajaiga, palikuwa na mji uitwao Mwambani. Mji wote ulikuwa jiwe. Ukipanda mbegu, inakutazama. Ukipiga jembe, linalia.

Katika mji huo aliishi Mama Nungunungu na wanawe watatu. Kila siku alishuka bonde la mbali kutafuta mizizi, akarudi na kidogo. Watoto wakala, yeye akalamba vidole.

Siku moja mvua ilinyesha, kisha jua likawaka. Mama Nungunungu akamkuta nyungunyungu juu ya jiwe, anajikunja, anajikunjua. Nyungunyungu mnamjua: yule mwembamba mwekundu wa ardhini. Hana jicho, hana mguu, hana mfupa, na kazini hachelewi.

"Mama," akasema Nyungunyungu, "nipatie kivuli. Nakauka."

"Kivuli ninacho. Utanipa nini?"

"Udongo."

Mama Nungunungu akacheka mpaka miiba ikagongana. "Udongo, Mwambani hapa? Wenye pembe wameshindwa, sembuse wewe usiye hata na ukucha?"

"Mimi na ndugu zangu tupe chungu kibovu, kilichotoboka chini. Tandika majani makavu ya mgomba wa bondeni, yaloweshe yawe kama nguo iliyokamuliwa. Halafu tupe maganda mnayotupa. Lakini tuna masharti."

Mnajua ngano. Asiyekuwa na masharti ndani yake hana kazi.

"La kwanza, tufunikie, tunapenda giza. La pili, tupe unyevu, lakini usitufurikishe. La tatu, usitutilie ndimu wala pilipili. Macho hatuna, ila ngozi tunayo."

Mama Nungunungu akatafuta chungu kibovu. Akakitandika majani, akayalowesha, akamweka nyungunyungu na ndugu zake aliowaokota chini ya mawe, akawapa maganda ya ndizi yaliyotupwa na majirani, aliyoyakata vipande vidogo, akafunika. Na kutoka ndani ya chungu ukasikika wimbo. Nanyi mnaitika "funika chungu":

*Tupe giza, Nungunungu,*
*— funika chungu.*
*Tupe maji, si mafungu,*
*— funika chungu.*
*Tukupe udongo, sisi nyungunyungu,*
*— funika chungu.*

Wakala, wakala, wakala. Maganda yakaingia manjano, yakatoka meusi. Alipofunua akakuta mbolea laini, inanukia kama njia baada ya mvua. Akaijaza kwenye nyufa za mwamba, akafukia mbegu za maboga. Na safari hii mbegu hazikumtazama. Ziliota.

Watoto wakala maboga. Wakala majani ya maboga. Mama naye akaacha kulamba vidole.

Sasa Kanga, jirani yake, alipita asubuhi moja akamkuta ameinamia chungu.

"Shoga, vipi? Mbona umezama humo?"

Mama Nungunungu alikuwa na haraka. Jina nyungunyungu ni refu, nanyi mkijaribu kusema nungunungu anafuga nyungunyungu mkiwa na haraka mtauma ulimi. Basi akachukua neno la karibu.

"Nahangaika na minyoo yangu, shoga."

Kanga akarudi nyuma hatua moja. "Una minyoo?"

"Ninayo, mingi tu. Na watoto wameizoea."

"Wameizoea," akasema Kanga, akirudi nyuma tena. "Na haiwasumbui?"

"Itusumbue? Inatulisha."

Kanga si mbaya. Kanga ana huruma, na huruma yake ina miguu. Kabla jua halijapanda ilikuwa imefika kwenye Baraza la Mji.

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Kiboko. Aliupata uenyekiti kwa sababu moja: alipoketi, hakuna aliyeweza kumwondoa. Na Bwana Afya alikuwa Kwarara, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda. Walimpa kazi kwa sababu ya mdomo huo. Walidhani mdomo mrefu namna ile lazima uwe umesoma.

"Mama Nungunungu ana minyoo," akasema Kanga. "Masikini, imeshampanda kichwani. Anaisifu."

Kwarara akasimama. Akasema ugonjwa umeingia mjini. Akatunga sheria papo hapo: mwenye minyoo anywe kibuyu cha mwarobaini, na asiguse chemchemi ya mji mpaka Bwana Afya aseme amepona. Kiboko akapiga mwayo. Mwayo wa Mwenyekiti ulihesabiwa kuwa ndiyo. Sheria ikapita.

Kwarara akaenda. "Hodi."

"Karibu, Bwana Afya."

"Nasikia una minyoo."

"Ninayo."

"Kunywa."

Mama Nungunungu alishazoea amri zisizo na maelezo. Akadhani labda ni ushuru wa mifugo. Akanywa. Uchungu ule ulimsimamisha miiba yote, hata ile ya mkiani. Watoto nao wakanywa, wakalia.

"Na chemchemi usiiguse," akasema Kwarara, akaondoka. Chunguni hakutazama. Kazi yake ilikuwa kutazama ndimi.

Maji yakapungua nyumbani. Mama akakinga umande kwenye majani ya maboga, akawagawia watoto, tone la mwisho akalinyunyiza chunguni. Wimbo ukasikika, lakini umepungua sauti. Itikieni polepole:

*Tupe maji, Nungunungu,*
*— funika chungu.*

Kwarara akarudi mara ya pili. "Hodi."

"Karibu, Bwana Afya."

"Minyoo vipi?"

"Inaendelea vizuri, nashukuru kwa kuulizia. Ina kiu kidogo."

"Haijatoka?"

"Itoke iende wapi? Jana nimeona na vitoto."

Kwarara akamtazama kwa huzuni ya kiserikali. "Kibuyu kimoja hakikutosha. Kunywa viwili. Na hiyo minyoo uliipatia wapi?"

"Iko humo chunguni."

"Basi chungu ndicho chanzo. Nikija tena nitakimwagia mwarobaini kibuyu kizima, nikoroge."

Hapo ndipo Mama Nungunungu alipoelewa. Kuelewa kwake kulikuja pamoja na uchungu wa kibuyu cha pili, vyote kwa mkupuo mmoja. Sharti lilisema hata ndimu isitiwe. Mwarobaini je? Wangekufa wote, na maboga, na watoto wake wangerudi kwenye mizizi ya bonde la mbali.

Akafungua kinywa aseme, "Bwana Afya, hawa si minyoo ya tumbo, hawa ni nyu..."

Sauti nyembamba ikatoka chunguni. "Mama. Usilitaje jina letu mbele ya mdomo ule."

Akautazama mdomo wa Kwarara. Mrefu, umepinda, unaingia ardhini kama sindano. Mdomo ule Mungu hakuuumba kwa ajili ya hotuba. Kwarara hula nini? Semeni nyinyi.

Naam. Hula nyungunyungu.

Basi mnauona mtego. Wakiitwa minyoo, watatiwa dawa. Wakiitwa nyungunyungu, wataliwa. Mama Nungunungu akafunga kinywa, akakifungua tena, akasema kwa adabu:

"Bwana Afya, kazi kubwa namna hiyo ifanyike mbele za watu. Mwenyekiti awepo, Baraza liwepo. Si vizuri jambo zito kama hili likafanyika uani kwangu kama kufua nguo."

Kwarara akajiona mbele ya umati, kibuyu mkononi. Akaipenda picha. "Umesema jambo la maana," akasema.

Alipoondoka, Mama Nungunungu akainamia chungu, akanong'ona mpango wake. Yule nyungunyungu wa kwanza, yule wa juu ya jiwe, akajibu: "Nimeelewa. Ndugu zangu washuke chini kabisa. Mimi nitakaa juu."

"Huogopi?"

"Naogopa. Lakini sina miguu ya kukimbilia."

Siku ikafika. Mji wote ukaja. Kiboko akaja na maji yake, yakamtiririka njia nzima. Kwarara akahutubia mpaka kivuli kikahama. Alipoinua kibuyu, Mama Nungunungu akasema:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuuliza. Dawa humwagwa kabla ya kupima?"

Kiboko akafikiri. Si kazi aliyoizoea. "Bwana Afya," akasema, "umepima?"

"Nimepima ndimi, Mheshimiwa."

"Chungu hakina ulimi. Pima."

Kwarara akafunua chungu, akachungulia. Na juu ya mbolea nyeusi alikuwa amejilaza nyungunyungu mmoja, mnene, mwekundu, amenawiri kwa maganda ya ndizi.

Kwarara akameza mate. Akameza tena. Kibuyu akakiweka chini.

"Ni nini?" akauliza Kiboko.

Akisema nyungunyungu, itajulikana amewanywesha uchungu wasio na ugonjwa bure, na kazi ataikosa. Akisema minyoo, Mwenyekiti atamwagiza amwage dawa, na kitoweo atakikosa. Bwana Afya akatafuta njia ya katikati, kama wafanyavyo mabwana wote.

"Ni minyoo, Mheshimiwa. Mibaya sana. Nimebadili shauri: dawa ingoje. Chungu nitakichukua kwangu kwa uchunguzi. Na huyu mmoja nitampima hapa hapa, kitaalamu."

Akachovya mdomo. Kaka wa watu akainuliwa, akaning'inia, akapotea.

Kanga akajifunika uso kwa bawa.

Mama Nungunungu akasema kwa upole kabisa, "Mheshimiwa, naomba kukumbushwa tu. Sheria inasemaje juu ya mwenye minyoo tumboni?"

Kiboko alikuwa hakumbuki mambo mengi, lakini sheria hiyo aliisikia akiwa macho, kabla ya mwayo. "Anywe mwarobaini," akasema. "Asiguse chemchemi." Kisha akamgeukia Kwarara taratibu, maana shingo yake haigeuki kwa haraka. "Bwana Afya, sasa una minyoo. Tumeiona ikiingia."

"Lakini Mheshimiwa, mimi ndiye..."

"Ndiyo. Kibuyu unacho karibu, hata hatukusumbui kukiagiza."

Wakacheka mpaka kobe. Kwarara akanywa. Macho yakamtoka, manyoya yakasimama, na kabla kibuyu hakijaisha mdomo ukapanuka na nyungunyungu akatoka mzima, akaangukia majani.

"Kule unyevu upo na giza lipo," akasema, akijinyoosha, "lakini maganda hamna. Nirudisheni chunguni, tafadhali."

Mama Nungunungu akamwokota kwa ncha za vidole.

"Dawa inafanya kazi," akasema Kiboko, ameridhika. "Mleteeni kibuyu cha pili."

Kwarara akakitazama kibuyu cha pili. Akautazama umati. Akapiga magoti, kama ndege anavyoweza.

"Mheshimiwa, si minyoo. Ni nyungunyungu. Mama na wanawe hawana ugonjwa. Hawajapata kuwa nao."

"Ulijua lini?"

"Nilipofunua."

"Na kwa nini hukufunua siku ya kwanza?"

Kwarara alianza jibu refu la kiserikali, lakini Kiboko akakisogeza kibuyu cha pili, naye akaliacha.

Chemchemi ikafunguliwa siku hiyo hiyo. Watoto wa Mama Nungunungu wakanywa mpaka matumbo yakalia chubwi, na chungu kikapata mkono wa maji. Kanga akaja kuomba radhi, akapewa boga na chungu chake mwenyewe chenye ndugu wachache wa kuanzia. Kila mmoja Mwambani akatafuta chungu kibovu. Hakuna aliyetupa ganda tena. Kwarara akavuliwa ubwana afya, na mpaka leo akipaa asubuhi hupiga kelele "haa, haa, haa". Watu husema anaamsha mji. Mimi nasema ule uchungu haujamtoka.

Baraza nalo likaunda kamati ya kuchunguza tofauti kati ya minyoo na nyungunyungu. Bado inakaa.

Na funzo ni hili. Kabla hujatibu, funua utazame. Kitu chenye jina, kiite kwa jina lake, hata kama ni refu na una haraka. Na anayewatungia wenzake sheria chungu, kwanza aionje, maana iko siku yeye ndiye atakayeimeza.

Mimi niliwaacha wakipalilia maboga. Walioelewa wakalale. Wasioelewa waunde kamati.