Mkoromo Unaomtisha Bundi

Huuu! Huu-huuu!

Msikimbilie chini ya shuka, huyo ni bundi wa hadithi tu. Sogeeni hapa, wewe mdogo nipishe mguu, haya, tulieni. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapanga vyumba na kuazimana chumvi kama sisi, bundi alilia hivyo hivyo juu ya paa la Mzee Kiboko, usiku wa manane, na nyumba nzima ikaamka kwa mkupuo mmoja.

"Bundi! Jamani bundi!" alipiga kelele Nyati, mpangaji wa chumba cha mbele. Nyati huyo shingo nene kama gogo, pembe zinagonga miimo ya mlango akipita, sasa mwone, kajifunika mto kichwani. "Kaja kuchukua mtu! Asinichukue mimi, mimi sijaoa!"

"Funga madirisha!" alinguruma Mzee Kiboko, mwenye nyumba. "Ziba matundu! Ingizeni jiko! Chumvi iko wapi?"

Ndiyo ilikuwa desturi yao. Bundi akilia, jiko la mkaa linaingizwa katikati ya ukumbi, mlango unapigwa komeo, kila tundu linasokomezwa matambara, halafu chumvi inatupwa motoni, pa! pa! pa-pa-pa!, ili bundi asikie, aogope, aende zake. Na kufungua ni marufuku mpaka jogoo awike.

Sasa chumba cha mwisho kabisa, kile kidogo kisicho na dirisha kubwa, alikaa Mama Kindi. Mnamjua kindi? Mwili kama konzi, mkia kama ufagio. Alikuwa mama kijana, ndiyo kwanza amejifungua, mtoto anaitwa Tunu, mumewe yuko ng'ambo ya mto anavuna njugu, na mtoto wa kwanza bwana, usiombe, akilia unaogopa, akinyamaza unaogopa zaidi.

Usiku ule Tunu alilia, kisha akanyamaza.

"Tunu?" Kimya. "Tunu, mama yuko hapa." Kimya. Akamtikisa, mtoto akalegea mkononi kama kitambaa kibichi. Na kichwa cha mama mwenyewe kilikuwa kinagonga, ngo! ngo! ngo!, miguu haina nguvu, macho yanaona mbili mbili, akataka kupiga kelele sauti haikutoka. Akatambaa. Akafika kwenye tundu la ukutani karibu na sakafu, akalishika tambara kwa meno, akalivuta, fyuuu! upepo ukaingia, akaisogeza pua ya mtoto pale pale penye tundu.

Hakuna kitu. Hakuna kitu. Halafu, chya! Tunu akapiga chafya. Akavuta pumzi, akaangua kilio hicho, na Mama Kindi akalia naye.

Asubuhi Mzee Kiboko alitoka akipepesuka, akajigonga mlangoni, akakamata kichwa. Nyati alikuwa uani anatapika. Bi Kiboko, mke wa mwenye nyumba, alikuwa amekaa kizingitini kafunga kanga kichwani kwa maumivu.

"Mmeona nguvu zake?" alisema Mzee Kiboko. "Bundi alitupitia mpaka vichwani! Lakini tumemshinda. Chumvi tuliyotia jana usiku! Mimi simchezei bundi."

Mama Kindi alikaa na mtoto wake kifuani, anafikiri. Usiku ambao bundi halii, jiko linabaki uani, na sisi sote tunaamka wazima. Akilia, jiko linaingia, tunaamka wagonjwa. Akamkumbuka Ngiri, jirani yao, ambaye kipupwe kilichopita alijifungia na mkewe kwa sababu ya bundi. Majirani walipovunja mlango waliwakuta wamelala chali kama wanaota, jiko katikati yao limezimika. Watu wakasema bundi kachukua wawili kwa mpigo.

Akainuka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti."

"Baba, naona siyo bundi. Ni jiko."

"Jiko!" Mzee Kiboko akacheka mpaka mashavu yakapigana, pwata! pwata! "Jiko lina mabawa? Jiko linatua paa za watu? Hilo jiko ndilo limekupikia uji wa uzazi, leo umeligeuza muuaji?"

"Na mkaa hauna hata moshi," alidakia Nyati akijifuta mdomo. "Ukishashika unawaka mwekundu, msafi kabisa."

"Ndipo hapo, Bwana Nyati! Moshi ungetukohoza, tungetoka mbio. Hewa ya mkaa inakuja kimya, hainuki, haionekani, inakulaza tu. Hebu niambie, wewe unaogopa nini duniani?"

"Mimi? Bundi," alisema Nyati. "Na radi. Na chatu. Na paka mweusi akinikatia njia."

"Unamjua nani aliyekufa kwa radi?"

Nyati akakuna pembe. "Simjui."

"Kwa chatu?"

"Nilisikia yupo mmoja, kijiji cha mbali huko, lakini aliyenisimulia naye alisikia."

"Na waliolala na jiko mlango umefungwa?"

"Ngiri na mkewe," alisema Nyati polepole. Kisha akashtuka. "Lakini bundi alilia!"

"Bundi kila siku analia! Angekuwa anaua kila akilia, mji huu asingebaki hata wa kufukuza nzi!"

"Basi!" Mzee Kiboko alipiga mguu chini, ndi! "Binti, umejifungua juzi, akili bado haijarudi mahali pake. Babu yangu alifunga, baba yangu alifunga, na mimi nitafunga. Ukifungua dirisha langu bundi akilia, ufungue na mlango, utoke, uende zako na mwanao."

Uende zako, wapi? Masika yameanza, mume hayupo, mtoto hajaota hata jino. Akibaki, jiko litammaliza Tunu usiku mmoja wa mbele. Akitoka, mvua. Akarudi chumbani, akajilaza, na kutoka chumba cha mwenye nyumba, mzee mzima akiwa amelala usingizi wa mchana kuondoa kichwa, akasikia:

Khoooorrr! Pyuuuu! Khoooorrr! Pyuuuu!

Vyombo vinacheza kabatini. Mama Kindi akainua masikio. Taratibu, akatabasamu.

Kesho yake akamfuata Mzee Kiboko barazani, akapiga magoti kwa heshima zote, mtoto mgongoni.

"Baba, nimekuja kuomba radhi. Nimekutana na mke wa bundi kisimani."

Nyati akaruka kutoka kwenye kigoda. "Umemwona? Kasema nani anafuata?"

"Amecheka sana. Anasema chumvi yetu mumewe anaipenda, inalia kama bisi, wanapiga nayo ngoma. Anasema mumewe haogopi kitu mji huu isipokuwa kimoja. Lakini, baba, naona aibu kukitaja. Ni jambo lako la ndani."

"Jambo langu? Sema!"

"Ni kubwa, baba."

"Sema, binti!"

"Mkoromo wako."

Bi Kiboko, aliyekuwa anapepeta mchele, ungo ukasimama hewani. "Mkoromo?" akasema. "Huo huo unaonihamisha kitandani?"

"Huo huo, mama. Bundi akiusikia mabawa yanakufa ganzi. Ndiyo maana anaanza kulia kwanza, huu, huu, ili baba aamke afunge madirisha. Mkishaziba mkoromo hautoki nje, na yeye anatua paani kwa raha zake."

Mzee Kiboko akavimba. Alivimba mpaka kigoda kikalia, nyaa! "Nilijua," akasema. "Nilijua mimi. Tangu nikiwa ndama, mama yangu alisema, mkoromo huu una kazi yake duniani."

"Na jiko?" aliuliza Nyati.

"Jiko likae uani," alisema Mama Kindi haraka haraka, "mbali na mlango, kwenye upepo, makaa yawake. Bundi akiyaona gizani atadhani ni macho ya baba, kwamba hajalala, amekasirika."

"Macho yangu ni mekundu kiasi hicho?"

"Ukikasirika, baba, Mungu atuepushe."

Mzee Kiboko akamgeukia mkewe, kanyoosha shingo, kama mtu aliyetawazwa. "Umesikia? Kuanzia leo, hakuna kufunga."

Wanangu, msidhani iliishia hapo. Bundi alilia usiku huo huo. Huuu! Huu-huuu!

"Tufunge!" Nyati alilia.

"Thubutu!" Mzee Kiboko alijibu kutoka kitandani. "Acha wazi! Nalala sasa hivi!"

Lakini nani analala ameambiwa alale? Akafumba macho, yakafumbuka. Akageuka kulia, akageuka kushoto, kitanda krii, krii. Bundi akalia tena, karibu zaidi. Mzee Kiboko, mkubwa wa mto, anatetemeka mpaka shuka inatetemeka. Akajaribu kukoroma kwa nguvu, khh, khh, ikatoka kama mtu aliyepaliwa na mwiba wa samaki.

"Hakoromi!" Nyati alipiga kelele ukumbini. "Jamani hakoromi! Mimi naingiza jiko!" Na mguu wake ukasikika, gu, gu, gu, anaelekea uani.

Mama Kindi akamsikia. Jiko likiingia usiku huu, halitatoka tena, hata Mzee Kiboko mwenyewe atasema mkoromo umeshindwa. Akamnyakua Tunu, akaruka ukumbini, akakaa chini kwenye mlango wa mwenye nyumba, akaanza kumbembeleza mtoto. Mtoto alikuwa amelala zamani. Alikuwa anambembeleza jitu.

*Lala, matope yapo, mto hauna haraka,*
*Nyasi za ng'ambo zako, kesho utaamka.*

Sauti nyembamba, laini, ile ile ya mama yeyote. Kitanda kikaacha kulia. Akaimba tena. Nyati uani ameyashika masikio ya jiko, ameinama, anataka kulinyanyua. Akaimba tena, sauti inamkauka, na ndani kukasikika pumzi moja ndefu, kisha nyingine, kisha...

KHOOOOORRRR! PYUUUUU!

Ukuta ukatikisika. Nyati akaachia jiko. Bundi juu ya paa akanyamaza, akatanua mabawa, akaenda zake. Labda alisikia panya kwa jirani, nani ajuaye mambo ya bundi? Lakini alikwenda.

"Kakimbia!" alipiga kelele Nyati, anarukaruka na pembe zake. "Kakimbia nimemwona! Mzee oyee!"

Asubuhi hakuna aliyeshika kichwa. Nyati alikula uji bakuli mbili. Tunu aliamka anacheka, na Mama Kindi akamweka kifuani, akatembea naye uani, kifua mbele, mkia juu, anajidai mama wa watu, na nani angemlaumu?

Mzee Kiboko ndiye aliyepotea kwa fahari. Alikwenda sokoni, akasimama katikati. "Mimi ndiye niliyemfukuza bundi, na sikuinua hata mguu! Nilikuwa usingizini!" Tembo akasema, hata mimi nakoroma, tena kwa mkonga. Faru akasema, nyie mnapiga filimbi, njooni msikie wangu. Basi kukawa na mashindano, kila nyumba inafungua madirisha mkoromo wake usikike mbali zaidi ya wa jirani, kila jiko linalala uani, na mji mzima ukaacha kuamka na vichwa vinavyouma. Bundi aliendelea kulia kama kawaida. Hakufa mtu kwa kulia kwake.

Siku moja Bi Kiboko alimkuta Mama Kindi kisimani anafua nepi. Akatua ndoo.

"Mama Tunu."

"Abee, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Juzi mzee hakulala nyumbani, alikwenda mtoni kwa ndugu zake. Na bundi alilia. Nani alikoroma?"

Mama Kindi akaendelea kufua, haraka kidogo. "Labda Bwana Nyati, mama."

"Nyati alikuwa uvunguni, meno yanagongana. Hakukoroma mtu. Madirisha wazi, jiko nje, na mimi nimeamka kichwa chepesi kama pamba." Akamwangalia. "Ni jiko, siyo?"

Mama Kindi akaiacha nepi ielee. "Ni jiko, mama. Nisamehe. Nilisema ukweli nikatishiwa kufukuzwa. Na huyu alilegea mikononi mwangu, mama, alinyamaza kabisa, sikuwa na kingine cha kufanya."

Bi Kiboko akakaa kwenye jiwe kwa uzito. Akaanza kucheka, kwanza tumbo, halafu mabega, mpaka machozi. "Mwanamke mdogo kama konzi! Umewahamisha majitu yote na majiko yao! Ningekuwa nimekuzaa mimi, ningepita mji mzima nikijigamba."

"Utamwambia baba?"

"Nimwambie nini? Akijua ni jiko, kwa hasira atalirudisha ndani, aonyeshe kuwa babu yake hakukosea. Akidhani ni yeye, hafungi dirisha mpaka anakufa."

Ndiyo maana husemwa, wanangu: anayelia juu ya paa si lazima awe anayeua, mwogope aliyekaa kimya chumbani.

Mama Kindi akafuta mikono, akamshika Bi Kiboko mguu, maana mkono ulikuwa juu mno. "Basi niahidi, mama. Niahidi kwa huyu mtoto."

Bi Kiboko akaweka ukwato wake mzito juu ya mgongo wa Tunu, polepole, kama unyoya.

"Nakuahidi. Simwambii mtu yeyote."