Ng'ombe Aliyesemekana Kula Mabua

Mtu mmoja wa Ilongero, Ntandu mwana wa Mghenyi, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na ng'ombe huyo aliitwa Sumuni kwa ajili ya doa jeupe la duara, kama sarafu, usoni pake. Ntandu alikuwa mgane. Watoto wake walikuwa mbali, na alipozungumza, mara nyingi alizungumza na Sumuni.

Mwaka ule alifika mtafiti, Dakta Nasikiwa Mshana, akajenga uzio, na ndani yake kibanda cha nailoni nzito kisichopitisha hewa, chenye mitambo ya kupimia pumzi ya ng'ombe. Aliwaeleza watu kwamba mnyama anayecheua hafaidi chote anachokula. Sehemu ya chakula hugeuka gesi ya methani tumboni, ikatoka mdomoni kwa mbweu, ikapanda juu na kuongeza joto la dunia. Alitaka kujua ni chakula gani kinachopotea zaidi kwa njia hiyo. Alihitaji ng'ombe wawili: mmoja ale majani mabichi na mashudu ya alizeti, mwingine ale mabua makavu ya mtama, basi. Ntandu alimtoa Sumuni, na kura ya mabua ikamwangukia Sumuni. Dakta akamwachia mzee kazi ya kumpelekea maji.

Sasa Ntandu alikuwa amelelewa katika nyumba ambamo aliyekwenda ugenini hakuachwa aaibike. Kapu la chakula lilimfuata kimya kimya, ili wenyeji waseme kwamba ametoka kwenye shibe. Kwa hiyo kila alfajiri alipopeleka maji, alipeleka pia mashudu aliyoyaloweka na majani ya viazi vitamu chini ya koti lake. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba. Pumzi ya Sumuni ilitoka nyeupe, ikajichanganya na ukungu, na mzee, akiwa ameegemea ubavu wenye joto, alisinzia wima.

Katika usingizi ule mwepesi aliona chakula chote kilichowahi kupotea vinywani mwa ng'ombe kikiwa kimeota angani: malisho mapana ya kijani, yasiyo na mnyama hata mmoja, yakipepea polepole juu ya mapaa. Chini yake walisimama watu wembamba, wameinua mikono. Hakuwatambua. Sauti ya taya ilimwamsha, naye akakusanya makombo yote kwa kiganja, lisibaki hata moja la kumsema.

Siku thelathini za jaribio zilipotimia, Dakta aliwakusanya watu kwenye uwanja wa josho la ng'ombe. Alisoma polepole, kama mtu anayetilia shaka macho yake. Maziwa ya ng'ombe wale wawili yalilingana, na gesi yao ililingana. Alikuwa amekagua mitambo yake mara tatu. Ikiwa ndivyo ilivyo, alisema, basi mabua yanatosha.

Watu walifurahi, wakampongeza Ntandu kwa kuwa na ng'ombe anayenenepa kwa kitu kisicho kitu, na pongezi zile zilikuwa tamu. Jirani yake Tatu Hango, mjane ambaye ng'ombe wake alikuwa na mimba kubwa, alimgeukia akicheka.

"Kumbe tumekuwa tukiwadekeza bure, shemeji."

Akasema kwamba kesho angetoa gunia lake la mashudu alibadilishe kwa mahindi, na ng'ombe wake angekula mabua mpaka azae. Kisha akainua mkono, mwembamba kama ufito, amwulize Dakta ni mafungu mangapi kwa siku. Hapo Ntandu akawatambua watu wa ndoto yake. Akasimama.

"Dakta, Sumuni hakula mabua peke yake. Nimemlisha mimi, kila alfajiri, nisimwone akiaibika."

Nasikiwa hakumkaripia. Alimwuliza alimlisha nini na kiasi gani, akayaandika, akaziviringa karatasi za mwanzo na kuzifunga kwa kamba, akasema kazi itaanza upya. Tatu hakucheka tena. Alimwambia mzee taratibu kwamba siri yake nusura imzike ndama ambaye hajazaliwa.

Siku thelathini za pili Ntandu alikaa nje ya uzio, na maji yalipelekwa na mtu mwingine. Kila asubuhi Sumuni alisogea, akanusa viganja vyake vitupu, akangoja, akarudi kwenye mabua. Mbavu zake zikahesabika. Maziwa yakapungua hadi kikombe kwa siku. Na kwa kila kikombe cha maziwa, gesi aliyoitoa ilikuwa mara mbili ya ile ya mwenzake. Hesabu hiyo ilisomwa pale pale joshoni mbele ya watu wote, Ntandu akiwa amesimama mbele yao na kofia mkononi. Tatu alirudi kwake, akafungua gunia la mashudu, akamlisha ng'ombe wake.

Wako wengi wanaosifiwa kwamba wamefika walipofika kwa mabua matupu, nao huipokea sifa hiyo na kunyamaza. Mtu anayeficha kilichomshibisha, atawajibu nini waliokonda kwa kumwamini?