Mbaazi za Barabara ya Nane

Asifuye mbaazi awe amezila leo. Mmemsikia Bi Riziki akimwambia mwanawe maneno hayo, mkacheka, na sasa mnaniuliza yametoka wapi. Yametoka Tanga mjini, na methali hii ilianza hivi.

Alikuwapo fundi saa mmoja, Mzee Shekiondo, mwenye kibanda karibu na stendi ya mabasi. Kila mgeni aliyeshuka na njaa alimwuliza yeye pa kunywa chai, na yeye hakuwahi kusema hajui. "Nenda Barabara ya Nane, kwa Bi Mwanakheri," alikuwa akisema. "Mahamri yamefura, yananukia iliki, na mbaazi zimekolea nazi mpaka utasahau ulikotoka." Alikuwa na ulimi mtamu, na watu walimwamini.

Ukweli ni kwamba hakuwa ameikanyaga Barabara ya Nane kwa miaka minne. Zamani alikwenda huko na mkewe kila Ijumaa asubuhi, na mkewe alipofariki, miguu ilikataa. Kwa hilo simlaumu. Namlaumu kwa kuendelea kusifia.

Basi ikaja posa ya binti yake, Mwantumu. Wajumbe walitoka Tabora, wakiongozwa na Mzee Kapilima, ami wa kijana aliyeposa. Mwantumu alimtaka kijana yule, na baba yake alilijua hilo vizuri. Kwa hiyo jioni walipofika aliwamwagia sifa za binti: mpole, mkweli, mpishi hodari, hana kasoro hata moja, wallahi. Lakini kwa desturi ya wazee wale, wajumbe hawakula nyumbani kwa binti mpaka wapewe jibu. Asubuhi walipouliza pa kufungua kinywa, aliwapeleka wapi? Barabara ya Nane, tena kwa kiapo kile kile.

Walirudi wamekunja nyuso.

"Mahamri ni ya jana, yamepashwa moto," alisema Mzee Kapilima. "Mbaazi zimechacha. Tulipomwuliza mwenye mkahawa kama yeye ndiye Mwanakheri, akatuambia Mwanakheri alihamia Pangani, huu mwaka wa tatu. Kilichobaki ni jina mlangoni."

"Sikujua, mzee mwenzangu."

"Ndiyo maana nauliza. Mbaazi umeziapia, na binti umemwapia. Sisi tushike lipi?"

Mwantumu alikuwa nyuma ya pazia. Aliposikia hivyo aliona posa yake inaondoka na basi la mchana.

Mzee Shekiondo akasema, "Mbaazi sijazionja tangu mke wangu afariki. Nilisifia kumbukumbu, na nimekosa. Lakini binti ninaishi naye. Mpole si mpole. Jana hiyo hiyo alinigombeza nilipomsengenya jirani. Hasira zake ziko karibu, na akiwa na mawazo wali unaungua. Ila uongo hajui, na alimwuguza mama yake miezi saba bila kunung'unika."

"Ya wali hukutuambia jana," alisema Mzee Kapilima.

"Jana nilikuwa nanadi. Leo nasema. Haya, inukeni twende."

Akawatoa mtaani na njaa yao. Kila walipofika penye chai aliwasimamisha nje, akaingia kuonja mwenyewe. Pa kwanza alitoka akitikisa kichwa. Pa pili vile vile. Pa tatu palikuwa barazani kwa mama mmoja, Barabara ya Kumi na Tano. Alimega hamri, akachovya kwenye mbaazi, akatafuna taratibu, na machozi yakamtoka mbele ya wageni. Zilikuwa mbaazi hasa, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuzila bila mkewe.

"Hapa," alisema. "Nimekula sasa hivi."

Mzee Kapilima alikaa, akala, akaomba sahani ya pili. Alipomaliza kunawa alimshika mwenzake mkono.

"Sasa hata ule wali unaoungua nauamini. Tupe jibu, mzee, tukale nyumbani kwako."

Siku hiyo hiyo posa ya Mwantumu ikakubaliwa, na wali wa mchana, nasikia, uliungua kweli. Wajumbe waliumaliza wote. Na huko Tabora Mzee Kapilima, kila aliposikia mtu anamwaga sifa, alimkatiza maneno: asifuye mbaazi awe amezila leo.