Marehemu wa Ndani ya Saruji

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani hii ya karibu ambapo mashine zilifika vijijini kabla ya barabara, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwamhingo. Kwamhingo kulikuwa na hospitali, na hospitali ilikuwa na mashine ya kuchoma uvimbe wa saratani. Siku moja wenye hospitali wakafunga virago. Wakaondoka na vitanda, wakaondoka na mapazia, wakaondoka hata na jogoo wa mlinzi. Moyo wa mashine wakauacha.

Moyo huo ulikuwa kipande cha chuma kama kidole gumba, kimefungiwa ndani ya chungu kinene cha madini ya risasi. Akaja mtaalamu wa mionzi, mama mmoja mfupi mwenye glavu, akapima, akasema, "Chungu ni kizima. Kikibaki kimefungwa, hakina neno. Kikifunguliwa, kitawachoma bila moto na bila harufu, na mtaumwa msijue mnaumwa nini. Lori maalumu litakuja kukichukua mvua zikiisha. Mpaka hapo, mtu asisogee ndani ya hatua thelathini."

Hakusema mvua za mwaka gani.

Mwenyekiti Mntambo akaitisha kikao. "Atakayekilinda chungu mpaka lori lije," akasema, "nampa ng'ombe wangu Mashavu, na maziwa yake yote."

Watu wakakaa wima. Aliyekaa wima kuliko wote ni Mkunde, mama kijana mwenye mtoto mmoja mgongoni, Hiza. Maziwa ya Mkunde yalikuwa haba, na Hiza alikuwa na koo la mjumbe wa kamati.

Wa kwanza kuamka alikuwa Fundi Semkiwa. Kwa ruhusa ya mtaalamu, akakifunika chungu kwa saruji, unene wa mkono mzima. Kisha akachora ubavuni ile alama ya mionzi, kiduara katikati na mabawa matatu. Akaichora kubwa ionekane toka barabarani.

Ikaonekana. Vijana wa kijiji cha pili wakaitazama, wakashauriana. "Lile ni panga boi, la kupepea hewa darini. Hospitali imefukia mapanga boi yake." Wakaja na nyundo, wakavunja pembe moja ya saruji kabla ya kufukuzwa. Kesho yake wakarudi, nyundo zimeongezeka.

Ndipo akaamka Bibi Kalunde, Mnyamwezi aliyeolewa Uziguani. Na Mnyamwezi na Mzigua, kama mjuavyo, ni watani. Akajifunga kanga, akaketi hatua thelathini kutoka kwenye saruji, akaangua kilio.

"Babu yangu mie. Umefia ugenini, ukazikwa na Wazigua wasiojua hata kuchimba shimo. Wamekuweka juujuu kama gunia la mahindi."

Wenye nyundo wakasimama. "Kumbe hili ni kaburi, bibi?"

"Ni kaburi, wajukuu. Na babu alikuwa mkarimu sana. Mtu akimgongea, hufungua."

Nyundo zikarudi kwao mbio. Kijiji kizima kikacheka na kuitunza siri. Asiyeijua alikuwa mtu mmoja, Bi Mwanjaa, kwa kuwa siku zote hizo alikuwa kwa binti yake Korogwe.

Bi Mwanjaa alikuwa jirani yake Mkunde. Mkunde alipojifungua, ndiye aliyemletea uji wa pilipili manga siku arobaini. Nepi za Hiza alikuwa akizichukua kimyakimya na kuzifua, akisema ni zake, na mwenyewe mtoto wake wa mwisho anaota ndevu. Basi aliporudi kutoka Korogwe akasikia kuna marehemu asiye na wa kumfagilia, akachukua ufagio. Kila asubuhi anafagia, kisha anaketi juu ya saruji akiongea na marehemu, asione upweke.

Mkunde akaona, akamsihi. "Mama, usikae pale. Ni hatua thelathini."

"Na mimi nikifa, mwanangu, mtanihesabia hatua?"

Mkunde akatamani kumwambia kweli. Lakini Bi Mwanjaa alijaliwa kila wema isipokuwa ule wa kunyamaza. Angeambiwa asubuhi, adhuhuri vijana wa panga boi wangekuwa wameshika nyundo.

Basi asubuhi moja Mkunde akahesabu hatua thelathini, akasimama, akatupa mbele yake kinyesi cha Hiza. Kesho yake akatupa tena. Majirani wakaona pamefunguliwa jalala, wakaleta matumbo ya samaki, wakaleta maganda, wakaleta panya waliokufa. Saruji ikazungukwa na pete ya uvundo. Nzi wakahamia na familia zao.

Bi Mwanjaa akaja na ufagio, akaziba pua, akamkuta Mkunde na kopo mkononi.

"Mama Hiza," akasema taratibu. "Kaburi la mtu."

Tangu siku hiyo hakufagia tena. Uji ukakoma. Salamu zikabaki za mbele ya watu. Mkunde akalia siku mbili, na ya tatu akaenda kutupa.

Lori lilifika mvua za mwaka wa tatu zilipokwisha. Hiza anakimbia mwenyewe, mdogo wake yuko mgongoni, na njaa ni ileile. Wafanyakazi wakavuka ile pete, mmoja akaitapikia chai yake ya asubuhi. Mtaalamu akapima, akasema chungu ni kizima. Kisha akainama penye pembe iliyovunjwa.

"Nani ameziba hapa kwa udongo wa kichuguu? Pasingezibwa, maji yangepenya, saruji yote ingefumuka."

"Mimi," akasema Bi Mwanjaa. "Marehemu alikuwa ananyeshewa."

Mtaalamu akamuuliza alikaa pale siku ngapi, muda gani, akapiga hesabu. "Chungu ni kinene, umenusurika. Lakini ungeendelea miaka hii yote, tungekuwa na maneno mengine. Na hapa nyuma naona ufa mwingine mpya, huu haukuzibwa."

Ndipo wakamwambia Bi Mwanjaa kweli. Akamtazama Bibi Kalunde.

"Miezi miwili," akasema, "nimekihadithia chungu habari za ndoa yangu."

Kisha akamgeukia Mkunde. Akamfungua mtoto mgongoni, akampakata.

Mwenyekiti akamleta Mashavu, kamba mkononi.

Fundi Semkiwa akasema, "Bila saruji yangu mngelinda nini? Ng'ombe ni wangu."

Bibi Kalunde akasema, "Saruji yako ilitangaza mapanga boi. Aliyefukuza nyundo ni babu yangu, na mrithi wake ni mimi."

Mkunde akasema, "Babu yako alileta ufagio. Aliyemtoa mama juu ya saruji ni mimi, na nilijua atanichukia."

"Ukamtoa na aliyekuwa akiziba nyufa," akasema fundi.

Bi Mwanjaa akambembeleza mtoto, akasema, "Nyinyi watatu mlimtazama ng'ombe. Mimi sikuahidiwa hata kwato."

Mwenyekiti akakuna kichwa. Mashavu akalia, chuchu zimejaa, na mtoto akamjibu.

Basi nyinyi mnaonisikiliza, ng'ombe wa maziwa hangoji kikao cha pili. Kamba ile tumpe nani?