Kamanda Zedi ni Mtoto wa Nani?

"Usihukumu kitabu hujafumua uzi." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia jirani, mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Chanzo chake ni hiki, na msinikatize.

Njombe kulikuwa na karakana ya ushonaji ya akina mama, nami nilikuwa mkataji wa vitambaa humo. Tulipenda riwaya. Kitabu kimoja kilipita mikono mingi, kwa hiyo kila kipya tulikivalisha kabla ya kusomwa: tunang'oa jalada, tunakigawa katikati kwa sababu sindano haipenyi unene wote, tunashona kila nusu kwa cherehani, kisha tunaziunganisha kwa mkono ndani ya kipande cha jinzi.

Msomaji wetu mkuu alikuwa Skolastika Mgaya. Wakati wa chai alitoa hukumu. Riwaya za upelelezi? "Polisi wao hawali, hawalali, hata chooni hawaendi." Riwaya za familia? "Siri haitoki mpaka msibani. Kwani hawa watu hawana sebule?" Tulicheka, lakini alichokikataa hakuna aliyekisoma.

Mwaka huo mwenzetu Editruda Mlowe alichapisha riwaya yake ya kwanza, ya ndugu wanaogombania nyumba ya marehemu baba yao. Ya pili alikuwa ameshaiandika. Akaapa mbele yetu kwamba Skolastika akiikataa ya kwanza, hiyo ya pili itakuwa karatasi ya kukatia kola.

Skolastika alisoma juma zima, uso umekunjamana. Siku ya hukumu Editruda hakuthubutu kuja. Tulimuuliza Skolastika, vipi?

"Sijui," alisema. Hatukuwahi kumsikia akisema hivyo. "Nimerudia mara mbili. Kichwa kinaniuma. Huyu hajui anachokiandika. Arudi kwenye cherehani."

Maneno hayana miguu, lakini yalimfikia Editruda kabla ya jioni. Kesho yake aliingia na rundo la karatasi, akalitupa mezani kwangu.

"Kata kola."

Nilishika mkasi. Kusema kweli sikujua nifanye nini. Nikamwambia, "Kwanza kamuulize kosa liko wapi. Hata nguo mbovu tunaikagua kabla ya kuitupa."

Akamgeukia Skolastika. "Dada, nimekosea wapi?"

"Mwanzo mzuri. Baba kafa, ndugu wananuniana, dada mkubwa analia jikoni. Nikalia naye. Mara Kamanda Zedi anaruka kutoka kwenye treni na bastola."

"Zedi ni nani?"

"Unaniuliza mimi? Mama yake si wewe?"

"Dada, mimi sina Zedi."

"Unaye! Nimemtafutia ukoo juma zima. Nikasema labda marehemu alizaa nje. Nikasema labda ndiye yule mjomba wa Makambako, kanyoa ndevu."

Editruda alitutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeamka ndani ya nyumba ya wengine. "Lete hicho kitabu."

"Kurasa zinafuatana," Skolastika alisisitiza. "Tisini, tisini na moja. Nimehakikisha."

Editruda alichukua wembe akafumua uzi. Kitabu kikaachana mikononi mwake. Nusu ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya riwaya ya upelelezi tuliyoivalisha siku ileile; zote mbili tulizigawa ukurasa wa tisini.

Kwenye kona ya chumba, Anyesi, aliyezishona, akaruka na kitabu chake mkononi. "Ndiyo maana! Mpelelezi wangu kaingia bohari la silaha, akatokea jikoni anachambua maharage na wifi yake!"

Tulicheka hadi machozi. Editruda peke yake hakucheka. Alisimama mbele ya Skolastika, wembe bado mkononi. "Ulinikatia hukumu, dada, na ulikuwa hujanisoma."

Skolastika alichukua kwa Anyesi nusu iliyokuwa imepotea, akaketi sakafuni, akasoma hadi jua likazama. Kisha akafunga ukurasa wa mwisho.

"Nisamehe. Ni kitabu kizuri. Ila yule dada mkubwa anawasamehe nduguze haraka mno."

Hapo Editruda akatabasamu. Akakusanya karatasi zake mezani kwangu, akazikumbatia. "Wa kitabu cha pili hasamehi haraka," alisema. "Na wewe ngoja. Hiki nitakishona mwenyewe."

Tangu siku hiyo, mtu akianza kumsema mwenzake karakanani, mmoja wetu alimkatiza: usihukumu kitabu hujafumua uzi.